Si Ini Peke Yake: Pombe, Moyo na Kifua Kikuu Mkoani Singida

Mhadhara uliotolewa mjini Singida mbele ya wahudumu wa afya, viongozi wa dini, walimu na wananchi. Umechapwa kama ulivyosemwa, pamoja na maneno ya kando.

 Naanza na akina mama mliokaa kule nyuma. Nimedokezwa kwamba baadhi yenu ni wapika pombe. Karibuni sana, wala msisogee karibu na mlango. Sikuja kuwasema, nimekuja kuwaomba kazi, na nitaitaja mwishoni.

Nia yangu ni moja. Kwa miaka mingi sisi watu wa afya tumewaimbia wananchi kwamba pombe inakula ini. Ni kweli inakula. Lakini wimbo huo umetuziba masikio hata sisi waimbaji: mgonjwa akiingia amevimba na ananuka pombe, tunaandika ini, basi. Moyo haujaulizwa. Mapafu hayajaulizwa. Nataka kuonyesha kwamba katika mkoa huu pombe nyingi huua kwa njia hizo mbili pia, na kwamba zote mbili tunaweza kuziwahi.

Niruhusuni nianze na kosa langu.

Zamani, katika kituo ambacho sitakitaja, aliletwa mzee wa Kinyaturu mwenye miaka hamsini na kitu, amelazwa kwenye mkokoteni wa punda. Miguu ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Mkewe akaniambia, "Halali, Daktari. Usiku kucha anakaa ameegemea gunia la alizeti." Nikamwuliza mzee, "Baba, pombe unatumia?" Akajibu, "Kidogo tu, mwanangu." Nikaandika ini kwenye kadi, nikampa vidonge vya kukojoa, nikamruhusu. Majibu mawili yalikuwa yamewekwa mezani kwangu, gunia na kidogo, na yote mawili niliyaacha palepale.

Hoja ya kwanza: kidogo ni ngapi?

Baada ya wiki tatu alirudi akiwa na hali mbaya zaidi, na safari hii nikamwuliza mkewe. Kidogo ya mzee ilikuwa sado moja ya mtukuru, pombe yetu ya nafaka, mchana, wakigawana yeye na rafiki yake, na lita nyingine moja jioni kabla ya kulala. Vijana, sado ni lita nne, na jina lenyewe limetoka kwenye kopo la rangi la Sadolin. Kwa hiyo mzee alikuwa akinywa lita tatu kila siku ya Mungu.

Tupige hesabu, maana hesabu haina aibu. Pombe zetu za nafaka hazina ukali mmoja, lakini tuchukue asilimia 4. Lita moja ya namna hiyo ina karibu gramu 32 za kilevi halisi. Lita tatu ni gramu 95. Bia ya chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Gongo, ikiwa na asilimia 40, robo lita tu ina karibu gramu 80. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi katika kikao kimoja kuwa ni unywaji wa kupindukia. Ni bia tatu hizo! Naona baadhi ya wazee wanahesabu kwa vidole. (Kicheko.) Hesabuni tu, sitamwuliza mtu.

Kwa hiyo ninyi mlioko zahanati, msiulize "unakunywa?" Mtu yeyote atajibu kidogo. Ulizeni: jana ulikunywa nini, ulitumia chombo gani, mlikuwa wangapi?

Hoja ya pili: moyo

Moyo wa mtu mzima ni kama ngumi yake, nao hupiga karibu mara laki moja kwa siku. Ni msuli. Kilevi kikiingia mwilini, ini hukigeuza kuwa sumu nyingine iitwayo asetaldehaidi, na vyote viwili, kilevi chenyewe na hiyo sumu, huuchosha msuli wa moyo. Huviharibu vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli zake, hulegeza nyuzi zake. Mtu akizidi gramu 80 kwa siku, na akaendelea hivyo miaka mitano au zaidi, moyo unaweza kutanuka. Mnaijua lastiki ya suruali iliyofuliwa miaka kumi? Ipo, inaonekana, ila haibani tena. Moyo uliotanuka ni huo. Damu inarudi nyuma, maji yanajaa miguuni, tumboni, na mwisho mapafuni. Mgonjwa akilala chali anazama katika maji yake mwenyewe, ndiyo maana anatafuta mito mitatu. Asiye na mito anatafuta gunia la alizeti.

Msidhani ni ugonjwa wa kwetu. Mwaka 1884 daktari Otto Bollinger wa mji wa Munich, Ujerumani, alieleza habari za mioyo mikubwa aliyoikuta katika maiti za wanywaji wa mji ule, na ugonjwa ukaitwa moyo wa bia. Wakati huo mkazi wa Munich alikunywa wastani wa lita 432 za bia kwa mwaka, na Wajerumani wengine lita 82. Lita 432 kwa mwaka ni kama lita moja na kidogo kwa siku. Mzee wangu alikuwa amewapita karibu mara mbili na nusu, ingawa sijui bia yao ilikuwa kali kiasi gani.

Hilo ni la moyo wenyewe. Lakini njia iliyozoeleka zaidi ni presha. Daktari Mfaransa Camille Lian aliliona hilo mwaka 1915 kwa kuwapima wanajeshi: waliokunywa mvinyo mwingi ndio waliokuwa na presha kwa wingi. Sisi wenyewe, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 juu ya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Na Dk. Abel Makubi na wenzake walipowafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi pale Muhimbili, wakachapisha matokeo mwaka 2014, walikuta presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 hivi. Huo ni umri wa mtu anayesomesha bado. Sisemi presha yote ni ya pombe. Chumvi ipo, kurithi kupo, unene upo. Nasema ukimpa mnywaji mkubwa vidonge vya presha bila kuigusa pombe, unachota maji kwa pakacha.

Kisha kuna mapigo. Mwaka 1978, Philip Ettinger na wenzake kule Marekani waliandika juu ya watu waliofika hospitali wakati wa sikukuu na mwisho wa wiki, mapigo ya moyo yakienda ovyo baada ya ulevi mkubwa. Wakauita moyo wa sikukuu. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, damu inasimama pembeni, inaganda, na tonge la damu likikatika na kupanda kichwani, ni kiharusi. Sisi sikukuu zetu ni Idd na Krismasi, lakini kubwa kuliko zote ni mavuno. Mwezi Julai uwele na mtama vimejaa ghalani, alizeti imeuzwa, na mtu anaamka upande mmoja haufanyi kazi. Nyumbani wanasema katupiwa. Sibishani na mtu juu ya nani kamtupia nani. Naomba tu wamshike mkono, watafute mapigo: kama yanakwenda bila mpangilio, wamlete siku hiyohiyo, wasipitie kwingine.

Hapa kuna habari njema, na ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama mbele yenu. Ini likishasinyaa na kuwa gumu, kulirudisha ni kazi kubwa mno. Moyo una msamaha zaidi. Mtu akiacha pombe mapema, akatumia dawa zake, mara nyingi moyo uliotanuka hurudi kubana. Hata mapigo: Australia, mwaka 2020, walichapisha utafiti wa wanywaji 140 wenye tatizo hilo. Kati ya walioambiwa waache, mapigo mabaya yaliwarudia asilimia 53. Kati ya walioendelea, asilimia 73. Mzee wangu aliacha. Mwezi wa nne mkewe alinijia na kilo mbili za asali, akaniambia, "Gunia tumeuza. Analala chali."

Kuna mzee mmoja hapa mbele amenong'ona: na mvinyo wa Dodoma je, si tunaambiwa kidogo kinafaa moyo? Baba, tafiti za zamani zilisema hivyo, lakini nyingi zilimlinganisha mnywaji wa wastani na asiyekunywa, zikasahau kwamba baadhi ya wasiokunywa walikuwa wameacha kwa sababu ya maradhi. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kama unakunywa mvinyo kwa kuupenda, sema unaupenda. Usiniambie ni dawa.

Hoja ya tatu: maambukizi

Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, vijana wenye afya zao walipewa pombe kali ya kulewesha, damu yao ikapimwa. Dakika 20 za mwanzo kinga ilichangamka. Saa mbili baadaye, na saa tano baadaye, ilikuwa imeshuka chini ya kawaida. Hao ni watu wa siku moja. Fikirieni anayekunywa kila siku.

Mapafu yana walinzi watatu. Kuna vinyweleo vinavyofagia uchafu kwenda juu, kuna kikohozi kinachoutoa nje, na ndani kabisa kuna seli zinazomeza vijidudu. Pombe hulegeza vinyweleo, hulaza kikohozi, na huzifanya seli zile zione adui na kushindwa kumla. Na mlevi anayelala kando ya njia mwezi wa saba, upepo wa Singida mnaujua, akitapika akiwa amelala chali, matapishi yanashuka mapafuni yakiwa na wadudu wa mdomoni. Nimonia ya namna hiyo haingoji asubuhi. Ukimkuta mtu hivyo, mlaze ubavu. Hilo halihitaji daktari.

Lakini ninalotaka kukaa nalo ni kifua kikuu. Mwaka 2008 Knut Lönnroth na wenzake walikusanya tafiti za nchi mbalimbali, wakakuta kwamba mtu anayekunywa zaidi ya gramu 40 kwa siku, au aliyekwisha kuwa mtumwa wa pombe, ana hatari ya kuugua kifua kikuu karibu mara tatu ya mwingine. Gramu 40 ni lita moja na robo ya mtukuru. Kwa vijiwe vingi hicho ni kionjo.

Kwa nini mara tatu? Kinga, nimeisema. Chakula pia: mnywaji mkubwa hali. Ila kuna sababu ya tatu ambayo si ya mwili, ni ya nyumba. Naomba mfumbe macho muingie kilabu kimoja nami. Kuta za tope, mlango mmoja, dirisha dogo lililozibwa na gunia kwa sababu ya upepo. Benchi mbili zinatazamana, magoti yanagusana. Moshi wa kuni unatoka kwenye pipa. Watu kumi na wanne wanaongea kwa sauti, wanaimba, wanacheka, na mmoja anakohoa tangu mfungo wa Ramadhani uliopita. Kikombe cha plastiki kinazunguka mkono hadi mkono. Sasa niulize: kifua kikuu kinapita wapi hapo?

Nasikia wengi mnasema kwenye kikombe. Hapana. Kikombe kinaweza kuleta kuhara, hata kipindupindu, na sikitetei. Lakini kifua kikuu kinapita hewani, katika matone madogo ya anayekohoa, anayeongea na anayeimba, yanayobaki yakielea chumbani kwa saa nyingi. Unaweza kuleta kikombe chako kutoka nyumbani, ukakiosha kwa maji ya moto, na bado ukaondoka nacho kifuani. Tumewapigia kelele watu juu ya kikombe miaka yote hiyo, dirisha tukaliacha na gunia lake.

Mzee wangu alinifundisha hilo pia. Alipopona moyo, alirudi kilabuni. Si kunywa, aliniapia, kusikia habari. Mwaka uliofuata akaanza kukohoa, akakonda, akatoka jasho la usiku. Makohozi yakaonyesha. Tulipofuatilia, wengine wawili wa benchi lilelile walikuwa wanakohoa. Walitibiwa wote watatu. Mzee yu hai, anachunga mbuzi wake, na akiniona ananiambia mimi ndiye niliyemfukuza kilabuni.

Na kule migodini? Dhahabu ya mkoa huu ni ya zamani, Sekenke ilichimbwa tangu enzi za Mjerumani. Wachimbaji wadogo wa leo wanavuta vumbi la mawe mchana, wanalala wengi katika kibanda kimoja, na jioni ni gongo. Vumbi la mawe peke yake huongeza hatari ya kifua kikuu. Ongezeni hayo mengine mawili. Kama ningekuwa na gari moja tu la uchunguzi, ningelipeleka huko kwanza, halafu kilabuni.

Juu ya dawa nitasema kwa ufupi. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huweza kuumiza ini, na pombe huongeza hatari hiyo. Mlevi husahau dozi, na dozi zilizorukwa huzaa usugu. Anayetumia ARV ni vivyo hivyo. Lakini tusimnyime mtu dawa eti kwa sababu anakunywa! Nimesikia hilo likifanyika. Nchi hii ndiyo iliyoufundisha ulimwengu: Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanzishwa mwaka 1977, akishiriki Dk. Karel Styblo, ndio uliokuwa kielelezo cha mfumo wa kumsimamia mgonjwa akimeza dawa, ambao baadaye ulienea duniani. Kiini chake ni kumfuata mgonjwa alipo. Na kama yupo kilabuni?

Hoja ya nne: moyo na maambukizi vinapokutana

Hapa nina mambo mawili tu. La kwanza, mfuko unaouzunguka moyo. Barani Afrika kifua kikuu ndicho chanzo kikubwa cha ugonjwa wa mfuko huo. Hujaa maji, moyo ukabanwa. Hayati Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini aliongoza utafiti wa wagonjwa 1,400 wa namna hiyo katika nchi kadhaa za Afrika, ukachapishwa mwaka 2014. Kwa hiyo mnywaji aliyevimba anaweza kuwa na moyo uliotanuka, au mfuko uliojaa, au ini, au vyote. Kila tatizo lina dawa yake tofauti. Mwenye shaka ampe mgonjwa rufaa, apate kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti.

La pili ni pipa. Huko Zimbabwe na Afrika Kusini pombe ya nafaka ilipikwa kwenye mapipa ya chuma, nayo ina uchachu, ikala chuma. Wanywaji wakajaza chuma mwilini, inini na hata moyoni. Daktari Strachan aliandika hayo mwaka 1929, akahusisha chuma hicho na kifua kikuu, na mwaka 1996 Victor Gordeuk na wenzake wakarudi kwenye hoja yake wakaona ina msingi. Akina mama, chungu cha udongo au ndoo ya plastiki safi. Pipa libaki la maji ya kufulia.

Sasa ile kazi niliyowaahidi

Sheria zipo. Gongo imepigwa marufuku kwa sheria, na bado mnajua inakopatikana. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017; viroba vikaondoka, chupa ndogo zikabaki. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya pombe katika Afrika Mashariki, anaeleza jinsi pombe ilivyokuwa kitu cha wazee na madaraka yao, kisha ikawa bidhaa ya yeyote mwenye senti. Huku kwetu bidhaa hiyo imenunua daftari na sare za shule. Anayetaka kuivunja kwa siku moja aje kwanza na jibu la ada.

Ninaloomba ni dogo zaidi. Benchi litoke nje. Tuna upepo usiokwisha na jua la bure. Kijidudu cha kifua kikuu hakipendi vyote viwili. Chini ya mti, benchi zikae upande upande badala ya kutazamana. Mama mpika pombe awe na daftari la wanaokohoa wiki mbili au zaidi, anajua zaidi yangu ni nani, na mhudumu wa afya wa kijiji apite Jumamosi kuchukua vikopo vya makohozi na kuwapima presha wakiwa bado wanatembea sawasawa. Anayezimua asubuhi, anayetetemeka mikono asiponywa, asiachishwe ghafla peke yake nyumbani, hiyo huua. Aletwe kituoni.

Kabla ya kuingia humu nimezungumza na mama mmoja kati yenu. Nilimwambia kuhusu benchi, akaniuliza, "Na mvua je?" Nikamwambia mvua zetu unazijua, ni miezi michache, na kwa miezi hiyo tufungue dirisha la pili. Akafikiri kidogo. Akasema nguzo mbili anazo, bati hana. Ndugu Mwenyekiti, mavuno yanaanza Mei. Bati nne zinatosha kwa kibanda cha kwanza, na baada ya maswali na majibu nitapitisha kofia yangu hapa mbele.